Si kila kamba hufungasa: Kiswahili cha skii na tyubu baharini

MIAKA miwili iliyopita, kijana niliyewahi kumfundisha chuoni aliniomba nimtafsirie kanuni za usalama za biashara yake. Yeye na wenzake wana boti mbili katika mkono mmoja wa bahari huku Pwani ya Kaskazini. Huwavuta wageni majini, wengine wakiwa wamesimama juu ya skii, wengine wakiwa wamelalia tyubu kubwa za kupulizwa. Kanuni zilikuwa ukurasa mmoja wa Kiingereza. Nilizitafsiri kwa jioni moja, nikamtumia, na kwa kweli nilijivuna.

Desemba iliyopita nilikwenda kuwatembelea. Nikakuta karatasi yangu imebandikwa kwenye kibanda chao, imekunjamana kwa chumvi na upepo. Chini yake walikuwa wamekaa mabaharia wawili, na mmoja wao alikuwa na alama ya mchubuko mrefu mkononi, kama aliyechapwa kiboko. Siku chache kabla, kamba ilikuwa imekatika ikivuta tyubu iliyobeba watu watatu. Kipande kilichobaki kwenye boti kilirudi kwa kasi na kumchapa. Lau kingepanda juu kidogo, kingempata jichoni.

Nikauliza ni kamba gani iliyotumika. Nikaonyeshwa kamba nyembamba, safi, ya rangi nzuri, yenye mpini. Ilikuwa kamba ya skii.

“Lakini mbona mlitumia hii?” nikauliza.

Yule mwenye mchubuko akaniangalia kwa upole. “Mwalimu, karatasi yako imesema tutumie kamba imara. Sasa hiyo si kamba? Na si imara?”

Sikuwa na jibu. Kanuni ya Kiingereza ilikuwa imetofautisha kamba za aina tatu kwa majina matatu. Mimi zote nilikuwa nimeziita “kamba”. Makala haya, basi, ni jaribio la kulipa deni hilo.

Tuanze na neno lenyewe. Kamba ni neno lililobebeshwa mzigo mkubwa. Ukilitamka sokoni Mombasa, muuza samaki atadhani unataka kitoweo. Ukilitamka bandarini, baharia wa zamani atakuuliza: kamba gani? Kwake yeye, kamba nene ya nanga ni amari. Ya kuvutia tanga ni demani. Ya kupandishia foromali ni jarari. Kamba nyembamba ya kufungia vitu vidogo ni ugwe. Mabaharia wetu hawakubuni majina haya kwa kupenda maneno mengi. Walijua kwamba ukimwambia mtu “lete kamba” wakati wa tufani, huenda akakuletea isiyofaa, na chombo hakisubiri msamiati.

Ubaya ni kwamba boti za mashine zilipoingia, majina hayo yaliachwa pamoja na matanga. Kamba zikabaki nyingi, jina likabaki moja.

Kitenzi nacho kina matatizo yake. Katika tafsiri yangu niliandika “kamba ya kuvutia”. Kisarufi sikukosea, kwani kauli ya kutendea huweza kuonyesha kifaa: kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia, kamba ya kuvutia. Lakini kuvutia pia ni kupendeza. Nikiangalia ile kamba ya skii yenye rangi nyekundu na manjano, nakiri kwamba ilikuwa ya kuvutia kwelikweli!

Kuburura hakufai, maana hudokeza kitu kinachosuguana na ardhi. Kukokota kunakaribia, na ndiko magazeti yetu hutumia kwa gari lililoharibika barabarani. Ila Kiswahili cha baharini kina kitenzi chake: kufungasa, yaani chombo kuvuta kingine majini. Msomaji atasikia “funga” ndani yake, na hilo linasaidia kukumbuka kwamba kinachovutwa kimefungwa kwa kinachovuta. Kwa hiyo napendekeza “kamba ya kufungasia”. Neno hili halina utata, na halihitaji kuundwa upya. Lipo, ila limesahaulika.

Baada ya jina, tuje kwenye kitu chenyewe. Je, kamba ya kufungasia ichaguliwe vipi?

Jambo la kwanza ni kuelea. Kamba inayozama itaifuata rafadha, yaani lile panga la mashine linalozunguka chini ya maji, na ikijisokota humo boti husimama papo hapo. Nailoni huzama. Isitoshe, nailoni hunyumbuka sana, na ndiyo sababu ni nzuri kwa amari: boti iliyotia nanga hupigwa na mawimbi, na kamba yenye kunyumbuka huyapokea mapigo hayo polepole. Sifa hiyo hiyo ni hatari katika kufungasa. Kamba iliyonyumbuka ni kama manati iliyovutwa. Ikikatika, nguvu yote iliyokusanya inarudi mara moja, na inarudi kwa aliye karibu.

Kamba nyingi za skii na tyubu hutengenezwa kwa polipropilini au polithilini. Zote mbili huelea, na hunyumbuka kwa kiasi tu. Wanaoteleza kwa ubao mmoja mpana, wale wanaopenda kuruka juu ya mawimbi yanayoachwa na boti, hupendelea kamba za nyuzi ngumu zaidi kama vile Dyneema au Spectra. Hizo karibu hazinyumbuki kabisa. Mchezaji akiwa hewani anataka kamba isiyomrusha wala kumlegezea, aijue ilivyo tangu mwanzo hadi mwisho wa mruko.

Hali kadhalika, polipropilini ina adui mkubwa hapa kwetu, naye ni jua. Kamba iliyoachwa juu ya sitaha mwaka mzima hupauka, hukakamaa, na hatimaye hutoa unga ukiisugua kwa kidole. Hiyo tayari si kamba tena. Mkonge wetu na kamba za usumba wa nazi, zilizoshona mitepe ya mababu, zina heshima yake katika historia, lakini hazina nafasi katika kazi hii.

Jambo la pili ni nguvu, na hapa ndipo “imara” yangu ilipoponza watu. Imara kwa nani? Kivumishi hiki hakina kipimo. Kamba ya skii hutengenezwa kumvuta mtu mmoja aliyesimama, ambaye skii zake zinakata maji kwa wepesi. Tyubu ni kitu kingine kabisa. Imelala juu ya maji, imebeba watu kadhaa, na ikitumbukiza pua yake chini ya wimbi, hugeuka kuwa kama ndoo kubwa inayovutwa ikiwa imejaa.

Kule Marekani, shirika la watengenezaji wa vifaa vya michezo ya majini, lijulikanalo kwa kifupi kama WSIA, limetoa viwango vinavyofuatwa na wengi. Tyubu ya mtu mmoja iwe na kamba inayoweza kustahimili mvuto wa takriban kilo 680 kabla ya kukatika. Ya watu wawili, kilo 1,077. Ya watatu, kilo 1,520. Ya wanne, kilo 1,860. Viwango hivi vinachukulia kwamba kila mtu ana uzani wa kilo 77 hivi. Wakiwa wanene zaidi, hesabu inabadilika hata kama idadi yao haijabadilika.

Tazama sasa. Kamba ya kumvuta mtu mmoja ilikuwa imefungwa kwenye tyubu ya watu watatu. Haikukatika kwa bahati mbaya. Ilikuwa lazima ikatike.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Methali hii twaitumia kwa wanyonge wanaobebeshwa lawama, lakini maana yake ya mwanzo ni ya kiufundi, na ni ya kweli. Nguvu ya kamba ni nguvu ya sehemu yake dhaifu kuliko zote. Fundo moja lililofungwa katikati huweza kupunguza nguvu hiyo kwa sehemu kubwa, wakati mwingine karibu nusu, kwa sababu nyuzi zilizopinda hazigawani mzigo sawasawa. Kamba ya kufungasia iliyowahi kukatika na kuunganishwa kwa fundo haifai kuvuta mtu. Itumike kuanikia nguo.

Jambo la tatu ni urefu. Kwa tyubu, viwango nilivyovitaja vinataka kamba isiyopungua mita 15 wala kuzidi mita 20 hivi. Ikiwa fupi mno, watu wako karibu na rafadha, na tyubu inaweza kuigonga boti ikipunguza mwendo ghafla. Ikiwa ndefu mno, hatari inahamia kwenye kona. Boti inapokata kona, tyubu haipiti njia ile ile. Inatupwa nje, inachora duara kubwa, na kwa muda huo inakwenda kasi kuliko boti yenyewe. Nahodha anaona kipima mwendo chake kimetulia, hali walio nyuma wanaruka kama jiwe la kombeo. Ndiyo maana mwendo wa tyubu unashauriwa usizidi kilomita 32 kwa saa kwa watu wazima, na kilomita 24 kwa watoto.

Kamba ya skii ina hesabu nyingine. Urefu wake wa kawaida ni mita 23, pamoja na mpini. Katika mashindano, kamba hii hufupishwa kwa hatua: mita 18.25, kisha 16, kisha 14.25, kisha 13, hadi hatua za mwisho kama mita 10.25 na 9.75. Mchezaji lazima azunguke maboya yaliyoko mita 11.5 kutoka katikati ya njia ya boti. Msomaji mwepesi wa hesabu ameshashtuka: kamba ya mita 9.75 itamfikishaje mtu kwenye boya la mita 11.5? Jibu ni kwamba haimfikishi. Anajilaza juu ya maji, ananyoosha mkono mmoja, na mwili wake unakuwa kipande cha mwisho cha kamba.

Ufupishaji huo hufanywa kwa vitanzi vilivyoshonwa katika kamba, kila sehemu ikiwa na rangi yake. Neno kitanzi nalipenda hapa kwa sababu linabeba onyo lake. Kitanzi hurahisisha kazi, na kitanzi hunasa. Kamba iliyolegea majini hujikunja kuwa vitanzi vyenyewe, na mtu anayesubiri kuvutwa akiwa na kitanzi mkononi au mguuni amo hatarini kuliko anavyojua. Nahodha aivute kamba polepole hadi ikaze, ahakikishe iko wazi, ndipo aongeze mwendo.

Mchezo huu wenyewe ulianza kwa kamba ya kubahatisha. Mwaka wa 1922, katika ziwa Pepin, jimbo la Minnesota nchini Marekani, kijana wa miaka 18 aitwaye Ralph Samuelson alijifunga mbao mbili miguuni na kuvutwa na boti iliyoendeshwa na nduguye Ben. Kamba yake ilikuwa ya aina iliyotumiwa kupandishia madirisha ya nyumba, na mpini wake ulikuwa pete ya chuma. Alianguka mara nyingi kabla ya kugundua kwamba ncha za mbao zinapaswa kuinuliwa juu ya maji wakati wa kuanza. Tunamkumbuka kwa heshima, lakini hatuna sababu ya kuirudia kamba yake.

Sasa tuingie botini. Swali la kwanza ni kamba ifungwe wapi. Mabaharia husema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa kufungasa, marejeo ni tezi, yaani nyuma ya chombo, na ni katikati ya tezi. Kamba ikifungwa kwenye kifungio cha pembeni, itaivuta boti upande mmoja, na nahodha atapigana na usukani siku nzima. Vifungio vya kufungia boti gatini, aghalabu vilivyokazwa kwa skrubu mbili tu, havikukusudiwa kuvuta watu, na huweza kung’oka na kuruka pamoja na kamba.

Boti nyingi za huku kwetu zina mashine iliyoning’inia nyuma, mahali pale pale kamba inapotaka kupita. Suluhisho ni kipande cha kamba chenye umbo la herufi V, kinachofungwa kwenye pete mbili za chuma, moja kila upande wa tezi, na kukutana nyuma ya mashine. Kamba ya kufungasia hushikizwa hapo wanapokutana. Hapo pana boya dogo la kukiinua kipande hicho kisiingie kwenye rafadha, na mara nyingi kuna kapi ya kuwezesha mvuto kuhama pande zote mbili. Waingereza wamekipa kipande hiki jina la hatamu za farasi. Sioni kwa nini sisi tusikiite hatamu. Tunazo hatamu za uongozi miaka yote, na hizi za boti angalau tunajua zimeshikwa wapi! Muhimu ni kwamba hatamu nayo iwe na nguvu isiyopungua ya kamba yenyewe. Ikiwa dhaifu, ndiyo pembamba palipotajwa na wahenga.

Boti zilizoundwa mahsusi kwa skii huwa na mashine ndani, karibu na katikati, na nguzo fupi mbele yake ya kufungia kamba. Boti ikivutwa kutoka katikati yake, haiyumbi hata mchezaji akikata upande kwa nguvu. Boti za wale wa kuruka kwa ubao huwa na mnara, ili mvuto utoke juu na kumsaidia mrukaji kupaa. Mnara huo usifungiwe tyubu. Mzigo wa tyubu ni mkubwa na wa ghafla, na ukivuta kutoka juu hivyo, unaweza kuuvunja mnara au kuiinamisha boti vibaya.

Swali la pili ni watu, na hapa tafsiri yangu ilikuwa na kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Kanuni ya Kiingereza ilisema lazima botini pawe na mtu wa pili, mbali na nahodha, ambaye kazi yake ni kumtazama anayevutwa muda wote. Mimi niliandika “mtazamaji”. Wale vijana wakaelewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa. Mtazamaji ni anayetazama mpira, anayetazama sinema. Kwa hiyo kila safari walimchukua rafiki wa mgeni, wakamketisha nyuma na simu yake apige picha. Kanuni imetimizwa!

Neno lililofaa ni mwangalizi. Kutazama ni kazi ya macho, kuangalia huweza kuwa na maana ya kutunza: twasema angalia mtoto, angalia mlango, angalia usianguke. Mwangalizi ana wajibu. Amegeukia nyuma wakati nahodha amegeukia mbele. Anazijua ishara na kuzipeleka kwa nahodha: kidole gumba juu, ongeza mwendo, kidole gumba chini, punguza, mkono ukipita shingoni, simama, kupigapiga kichwa, turudi. Aliyeanguka naye huinua mikono kuonyesha kwamba yu salama. Asipoinua, mwangalizi hasubiri. Kioo cha kutazamia nyuma kinasaidia, lakini kioo hakiwezi kupiga kelele.

Mengine nitayapitia kwa haraka kwa kuwa hayana ubishi. Kila anayevutwa avae jaketi la uokoaji linalomtosha, akijua kuogelea asijue. Nahodha ajifunge ule ugwe wa kuzimia mashine, ili akitupwa majini boti isiendelee bila mtu. Boti ikimkaribia aliye majini, mashine izimwe kabisa. Kuitoa gia pekee hakutoshi. Asikae mtu nyuma kabisa ya tezi mashine ikinguruma, maana moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu. Na bahari yenyewe isomwe. Mikono ya bahari kama Mtwapa na Kilifi hutulia zaidi asubuhi kabla upepo haujaamka, lakini maji yakipwa, mafungu ya mchanga na miamba iliyokuwa chini sana jana huwa karibu leo. Kusi likivuma kwa nguvu, heshima ni kubaki ufukoni.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini safu ya lugha ijishughulishe na pete za boti na uzani wa wageni? Nimejiuliza swali hilo pia. Kwa miaka mingi tumejadili istilahi kana kwamba ni suala la fahari, kwamba Kiswahili nacho kinaweza kuitaja kompyuta na sayari. Ni kweli kinaweza. Lakini istilahi ni ahadi anayopewa mtu ambaye hakusoma maandishi ya awali. Yule baharia hakuwahi kuiona karatasi ya Kiingereza. Aliyoiona ni yangu. Aliiamini, akafanya ilivyosema, na mkono wake ukalipa tofauti.

Niliketi nao mchana ule tukaandika upya. Sikuwafundisha mengi. Wao ndio waliosema neno “kufungasa” kabla yangu, kwa sababu baba zao walilitumia. Palipoandikwa “tumia kamba imara ya kuvutia”, sasa pameandikwa: “Tyubu ya watu watatu ifungaswe kwa kamba ya tyubu yenye nguvu ya kilo 1,520 au zaidi. Kamba ya skii isivute tyubu kamwe.” Palipoandikwa “boti iwe na mtazamaji”, sasa pameandikwa: “Boti isiondoke bila mwangalizi aliyegeukia nyuma. Mwangalizi hapigi picha.”

Sentensi hiyo ya mwisho haimo katika Kiingereza. Ni yule mwenye mchubuko aliyesisitiza iwemo, nami sikubishana naye.